Mfuko wa Papa na kitanda cha kuazima

Jirani yetu hapa Nsambya, mzee toka Bukavu, alitoka hospitali na mpira wa mkojo. Karatasi imeandikwa Kiingereza, musawo alielezea kwa Luganda, binti yake akaitikia tu ndiyo, ndiyo. Hapa nyumba za wazee ni chache. Papa alirudi kwenye muzigo wa chumba kimoja, na wajukuu wanne.

Siku ya tatu nikamkuta anatetemeka kwa homa. Mfuko ulikuwa umetundikwa kwenye msumari wa dirisha, juu ya kichwa chake! Papa analala kwenye godoro sakafuni, sasa binti aliona juu ndiyo pasafi. Kumbe mkojo ulikuwa unarudi ndani.

"Mwanangu, usiangalie," Papa aliniambia. Nikamjibu, "Papa, naangalia mfuko tu."

Tulimrudisha hospitali jioni ileile. Safari hii nilitafsiri mimi, na niliuliza mpaka musawo akachoka. Mfuko ukae chini ya kibofu ila usiguse sakafu. Unawe kwa sabuni kabla ya kuugusa na baada. Umwage kabla haujajaa, mpira usijikunje. Na tarehe ya kuubadilisha? Hata haikuandikwa. Nikaomba aandike palepale.

Lakini godoro likiwa sakafuni, huko chini utafunga wapi mfuko? Tukaazima kitanda kwa mama mmoja wa jirani. Papa sasa hana homa.

Tatizo, mwenyewe anakitaka Jumapili. Mwenye kitanda kisichotumika, tafadhali aniandikie inbox.