Kuzima Kwanza au Kuchomoa Kwanza?

Katika seminari ndogo nilimosoma, padri aliyetufundisha kompyuta alikuwa na amri moja isiyovunjwa: zima mtambo, ndipo uchomoe waya. Mitambo yetu ilikuwa mikuukuu, zawadi ya wafadhili. Kibodi iliunganishwa kwa plagi ya mviringo, na mashine ya kupiga chapa kwa plagi pana yenye skurubu mbili. Amri ile ilikuwa ya haki, maana plagi hizo hazikufanywa zichomolewe umeme ukiwa unapita. Aliyezichezea ovyo aliweza kuunguza kisehemu kidogo ndani, na kibodi isiitike tena.

Nilipokuwa mwalimu nalikuta desturi nyingine. Kijana atunzaye mitambo ya shule alichomoa waya za mtandao huku kompyuta zinawaka, wala hakuna lililoharibika. Nikaicheka amri ya padri. Basi jioni moja ya mwisho wa muhula, nikifanya haraka kuiwahi mvua, nalivuta flashi yenye pointi za wanafunzi wangu wote, na taa yake ilikuwa ingali ikimetameta. Kesho yake kompyuta haikuweza kuisoma. Ilitaka niifute yote na kuitayarisha upya.

«Mwalimu,» yule kijana akaniambia, «waya wa mtandao na flashi si ndugu.»

Akanieleza. Ndani ya tundu la waya wa mtandao mna transfoma ndogo sana. Habari huvuka kwa nguvu ya sumaku, kutoka koili moja hata nyingine, na waya haugusani na moyo wa mtambo. Ukiuchomoa, habari iliyokuwa njiani hukatika. Lakini kompyuta iliyoituma, isipopata jibu kwamba imepokewa, huituma tena waya urudipo. Ukikawia mno, kazi hiyo itaanza upya, bali mtambo ni mzima.

Flashi nayo haiogopi umeme. Plagi ya USB, iliyotokea mwaka 1996, ilibuniwa makusudi ichomolewe mtambo ukiwaka: meno yake ya umeme ni marefu kuliko ya habari, hivyo umeme hutangulia kuingia na huwa wa mwisho kutoka. Hatari iko katika maandishi. Kompyuta haiandiki yote papo hapo. Mengine huyaweka kwanza katika kumbukumbu yake, ikayaandika baadaye kidogo. Mimi nalimnyang'anya karani daftari katikati ya neno, tena katika ukurasa ule ule wa orodha, unaoonyesha kila faili limewekwa wapi.

Kwa hiyo si lazima kuzima. Iamuru kompyuta iiachilie flashi, ungoje jibu, ndipo uvute. Ikikataa, funga mafaili yote; ikikataa bado, zima kabisa, maana kompyuta izimwayo kwa taratibu humaliza kwanza kuandika. (Hapo padri wangu angetabasamu.)

Radi ni jambo jingine. Huku kwetu mashariki ya Kongo, mojawapo ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi mara nyingi sana, kuzima hakutoshi. Radi hupita katika waya wa umeme na wa mtandao hata mtambo ukiwa umelala. Chomoa zote mbili mapema, mawingu yakiwa bado mbali. Ngurumo zikishafika juu ya nyumba, usiziguse tena.

Na zile pointi? Karatasi za mtihani nalikuwa nimekwisha kuzirudisha. Nikawaomba wanafunzi wazilete tena, nikahesabu usiku tatu. Zilikuja zimekunjwa, zimelowa, nyingine bila jina. Mtoto mmoja alisimama mbele yangu mikono mitupu: mama yake alikuwa ameifungia mandazi sokoni. Alisema alipata 11 juu ya 20. Sikuikumbuka karatasi yake hata kidogo, na aliyeipoteza hesabu si yeye. Naliandika 11.