Gharama ya Dawati Huanza Katika Mchoro

Katika kufundisha kazi za mikono, walimu wengi hulitafuta suala la gharama mahali pasipo pake. Hulitafuta dukani, wakati wa kununua mbao na misumari, au karakanani, wakati fundi seremala anapodai ujira wake. Twadiriki kusema kwamba kufikia hapo sehemu kubwa ya gharama imekwisha kuamuliwa, nayo iliamuliwa na mkono ulioshika penseli. Vitabu vya uhandisi hupenda kutaja asilimia 70 au 80. Hatuitegemei namba hiyo, kwa kuwa kila kitu na kila kiwanda kina yake. Jambo lenyewe, hata hivyo, laweza kupimwa kwa futi kamba mbele ya darasa la sita.

Na tuchukue dawati la kukaliwa na watoto wawili. Uso wake una vipande viwili vya ubao wa inchi 1 kwa 8 vilivyolazwa ubavu kwa ubavu, na kiti chake kina kipande kimoja. Mbao za namna hiyo aghalabu huuzwa zikiwa na urefu wa futi 12, yaani kiasi cha sentimita 366. Mchoraji akiandika sentimita 125 kwa kila kipande, ubao mmoja utatoa vipande viwili tu, na sentimita 116 zitabaki bila kazi. Akiandika 120, ubao ule ule utatoa vipande vitatu, na baada ya msumeno kula chake zitabaki kama sentimita 5. Kwa madawati 30 twahitaji vipande 90. Mchoro wa kwanza wataka mbao 45, wa pili mbao 30. Hakuna mtoto atakayehisi upungufu wa sentimita 5 anapoandika imla. Lakini mbao 15 zilizookolewa zatosha nyuso na viti vya madawati mengine 15, na madawati hayo yakipata miguu, watoto 30 watainuka kutoka sakafuni.

Tulipoieleza hesabu hii kwa wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha upande wa Kwamsisi, wilayani Handeni, mmoja wao alitupinga. Alisema uso na ubaki na sentimita 125, ila kiti kifupishwe kiwe 115. Basi ubao mmoja utatoa dawati moja, sawasawa na mchoro wa pili. Alisema kweli, nasi tulifurahi kupingwa kwa namna hiyo. Maana yake ni kwamba fadhila haiko katika namba 120 yenyewe; iko katika kuufikiria ubao wote kabla ya kuchora kipande kimoja. Lakini mpango wa mwanachuo huyo hauachi nafasi: 125 na 125 na 115 ni 365, na msumeno haujapita. Mbao nyingi hufika zikiwa na ncha zilizopasuka. Mwenye busara atakwenda kupima mbao zilizopo, na pengine ataona kwamba 118 ndicho kipimo salama.

Yako maamuzi mengine ya penseli ambayo hayaonekani katika bei ya mbao, bali katika siku za kazi. Mguu wa kushoto ukichorwa sawa na wa kulia, kigezo kimoja chatosha kupimia yote, na kipande kilichoharibika chaweza kufidiwa na chochote kilicho karibu. Ukichorwa tofauti, karakana itakuwa na vigezo viwili, mafungu mawili, na ugomvi mwingi. Vivyo hivyo kwa aina ya mti. Paina ya Shume, kule Lushoto, hupokea msumari kwa utii. Mkongo hutaka kutobolewa kwanza, na kila tundu ni muda. Anayechora viungo kumi na vinne bila kujua atatumia mti gani anawatia deni watu asiowajua.

Tumeitaja Kwamsisi, nasi hatuwezi kuipita hivi hivi. Mwaka 1971 chuo cha ualimu cha Korogwe kilianzisha pale shule ya mfano, ambamo shule na kijiji vilikusudiwa kuwa kitu kimoja, na masomo kufungamana na kazi za uzalishaji, kwa kufuata Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Kwa maoni yetu, shule ya mfano ni kama dawati la kwanza. Ikipangwa kwa kutegemea wakufunzi wengi na gari la chuo, kila kijiji kitakachoiiga kitadaiwa wakufunzi na gari. Bei ya kuiga hupangwa na yule anayeanza. Mwaka 2016 pia, baada ya ada kufutwa na watoto kufurika madarasani, nchi nzima iliingia katika kampeni ya madawati. Mchoro unaorudiwa mara elfu nyingi hurudia na ubadhirifu wake mara elfu nyingi.

Sasa, mwanachuo atalifundishaje jambo hili pasipo mbao? Sisi hutumia vipande vya karatasi vyenye urefu wa sentimita 36.6, kila kimoja kikiwakilisha ubao mmoja kwa kipimo cha moja kwa kumi. Kila kundi hupewa vipande vitano na mkasi, na kuambiwa likate nyuso na viti vingi kadiri liwezavyo. Mwalimu asitoe vipimo. Awaache wanafunzi waketi katika dawati lililopo, wapimane viwiko na magoti, ndipo waamue. Makundi yakimaliza, mabaki ya kila kundi yabandikwe ubaoni chini ya jina la kundi. Hapo hakuna haja ya hotuba, kwani watoto huanza wenyewe kuulizana kwa nini mabaki ya wengine ni marefu.

Mchoro ukikubaliwa, hutundikwa ukutani pamoja na orodha ya vipande. Anayetaka kubadili kipimo baada ya hapo huulizwa kwanza ni mbao ngapi zimekwisha katwa.