Miaka Yangu na Miswada

Sikusomea sheria. Nilikuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii wilayani Kisarawe, na mtandao wa asasi ndogo za Mkoa wa Pwani ulipotafuta mtu wa kufuatilia miswada bungeni, walinichukua kwa kuwa nilijua kutunza daftari. Ofisi ilikuwa Kibaha.

Kila Januari, kabla Bunge halijaanza mkutano wake, asasi zilikutana kupanga vipaumbele vya mwaka. Wenzetu wa Kisarawe waliondoka alfajiri; mkoa ni mmoja, lakini magari yaliwazungusha Dar es Salaam, Gongo la Mboto hadi Mbezi, ndipo wafike Maili Moja, Kibaha. Kila mtu alikuja na lake: ardhi, misitu na mkaa, ndoa za utotoni. Mimi niliuliza swali moja tu: kifungu gani, na tunataka kisomekeje? Asiyekuwa na jibu aliambiwa akajipange, kwani mbele ya kamati ya Bunge malalamiko matupu hayaandikiki popote.

Njia ya muswada niliijua kwa moyo. Huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali, husomwa mara ya kwanza, kisha Spika huupeleka kwenye kamati, nayo huita wadau. Hufuata kusomwa mara ya pili na mjadala, kupitia kifungu kwa kifungu katika Kamati ya Bunge Zima, kusomwa mara ya tatu, na mwisho saini ya Rais. Watu wengi huamka wakati wa mjadala, maana ndio unaoonekana kwenye televisheni. Kwetu sisi, siku hiyo kazi kubwa ilikuwa imeshapita. Penye nafasi ni kwenye kamati, na nafasi yenyewe ni finyu.

Ufinyu huo tuliuonja Juni 2019. Muswada wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 3 uliletwa kwa hati ya dharura, ukigusa kwa mpigo sheria za takwimu, kampuni na mashirika yasiyo ya kiserikali. Ulitangazwa katikati ya mwezi, na tarehe 27 ulikuwa umepitishwa. Kuanzia hapo tuliacha kusubiri muswada utoke ndipo tuandike. Maoni yetu juu ya mambo makuu tuliyaandaa mapema, yakakaa tayari kama begi la mjamzito aliyefikisha miezi tisa.

Maandalizi hayo yalitufaa kwenye Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote, uliosomwa mara ya kwanza Septemba 2022. Huo ulikuwa kwa Kiswahili, kwani mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria zetu, nami nikaweza kuubeba hadi Maneromango, Kisarawe, na kuusoma na watu bila mkalimani. Wakati huo Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alikuwa ametaja mchango wa Sh 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Kaya hiyohiyo ilikuwa ikilipa Sh 30,000 kwenye Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa.

“Mwanangu,” mama mmoja aliniuliza, “hiyo laki tatu na arobaini inalipwa kwa mkupuo?”

“Hapa hawajasema, mama.”

“Basi waandikie kwamba sisi pesa tunaishika msimu wa korosho. Miezi mingine ni mihogo tu.”

Niliyaandika. Maoni yetu yakawa na hoja mbili: kulipa kidogokidogo kufuatana na msimu, na kuweka wazi nani atamtambua asiye na uwezo na fedha za kumlipia zitatoka wapi.

Muswada haukuenda mbio. Novemba haukujadiliwa, Februari 2023 ukaahirishwa tena, na kila mara nilipiga simu Kisarawe kuwaeleza wazee kwa nini. Ulipitishwa tarehe 2 Novemba 2023. Hoja ya wasio na uwezo ilikuwa imepata majibu: sheria iliunda mfuko wa kuwagharamia, na miongoni mwa vyanzo vyake ni ushuru wa vinywaji vyenye kaboni na vipodozi. Siwezi kudai ni karatasi yetu iliyofanya hivyo. Waliosema hayo tulikuwa wengi nchi nzima. Hoja ya korosho haikuwa na kifungu. Viwango vya michango ya wasio na ajira rasmi viliachiwa kanuni.

Kanuni hutungwa na waziri, hazisomwi mara tatu bungeni, na kamera hazipo. Ofisini walipokuwa wakipongezana kwamba muswada umekwisha, nilifungua daftari na kuchora safu mpya, ya kanuni, baada ya ile ya saini ya Rais. Kijana aliyepokea kazi yangu nilimkabidhi safu hiyo kwanza: bei ambayo angelipa mama wa Maneromango ingeandikwa kwenye kanuni, na barua ya kwenda wizarani ilitakiwa itangulie.