Sahihi na Waraka

Kwa muda wa miaka kumi na minne nimekuwa nikikusanya nyaraka za watawala wa zamani wa mwambao wetu: barua za maliwali, hati za makadhi, na vipande vyovyote vilivyotiwa sahihi na mkono uliowahi kuamrisha. Nilidai kuwa ni kwa ajili ya taaluma. Kwa hakika nilichokuwa nikikitafuta ni lile fundo la wino chini ya karatasi, baada ya maneno katabahu biyadihi, ambalo msomaji wa hati za Kiarabu hulitambua kabla hajasoma lolote.

Mwaka jana shangazi yangu wa Takaungu alinitolea barua ya liwali mmoja wa Malindi kwa babu yake. Salamu zake zilichukua mistari mitano. (Wahakiki wetu huziruka salamu hizi kama kwamba ni pambo, ilhali tangu Büttner alipochapisha nyaraka za Kiswahili mwaka 1892 ushahidi umo mikononi mwetu kuwa cheo na ujamaa hupimwa humo.) Lakini pembe ya chini ilikuwa imekatwa kwa mkasi.

“Mgeni aliitaka sahihi tu, mwanangu,” alisema. “Barua alituachia. Tukaona katufanyia hisani.”

Niliigeuza. Nyuma iliandikwa mipaka ya shamba: upande wa kibla njia ya kisimani, upande wa matlai bahari, kisha mkasi. Mpaka wa suheli umekwenda na sahihi. Shamba hilo lina kesi, na wanaolilima leo wamezaliwa humo, na wazee wao wamezikwa humo. Wao hawakuandikiwa barua na liwali yeyote.

Nilipokuwa njiani kurudi Kilifi nilizikumbuka barua walizoandikiana Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, Mawaziri Wakuu wa Kenya na Unguja, tarehe 5 Oktoba 1963, kuhusu ukanda wa pwani wa maili kumi. Barazani nimesikia sahihi zile zikitajwa mara nyingi, kwa fahari au kwa hasira. Maneno yaliyo juu yake husomwa kwa nadra. Humo Kenyatta aliahidi mahakama za makadhi, na aliahidi pia kuwa milki za ardhi zilizokwisha kusajiliwa zitatambuliwa wakati wote. Ahadi hii ya pili ndiyo iliyomfaa mwenye hati na kumwacha mkulima asiye nayo pale pale alipokuwa. Serikali ya Shamte iliangushwa tarehe 12 Januari 1964. Sentensi ile haikuangushwa nayo.

Usiku ule nilifungua mtoto wa meza yangu. Kimo kipande nilichokinunua Mombasa miaka ya nyuma, sahihi safi kabisa, na sikuuliza kilikatwa wapi. Nilikuwa sijapata kukigeuza. Nyuma yake pana nusu ya jina la mtu, na neno moja kamili: minazi.