Kibali cha Kukaa Nyumbani

Baba Mkubwa alizaliwa Mashewa, akatahiriwa Mashewa, na kaburi ameshajichagulia Mashewa, chini ya mwembe walipolala babu na bibi. Hata hivyo, kila baada ya miaka miwili inambidi aombe ruhusa ya kuishi hapo. Kwenye makaratasi yeye ni Mwingereza mstaafu anayekaa Tanzania kwa kibali cha ukaazi cha Daraja C, kundi moja na wanafunzi wa kigeni, watafiti, wamisionari na watu wanaokuja kujitolea. Mjazaji wa fomu ni mimi, kwa kuwa ndiye mwenye kompyuta mpakato na ndiye, kwa maneno yake, "niliyesomeshwa ili siku moja iwe faida".

Usiyeijua Mashewa, iko wilaya ya Korogwe, ndani ya bonde la Lwengera, Usambara Magharibi upande huu na Usambara Mashariki upande ule. Ukitoka Korogwe mjini unapita mashamba ya mkonge, unapita Magoma, na ukifika umekula vumbi la kutosha kufinyangia chungu. Hapo ndipo alipoondoka mwaka 1974, akiwa na miaka 26, kwenda kusomea uuguzi Uingereza. Hospitali za kule zilikuwa zikitafuta vijana wa kuwafunza na kuwaajiri, na kazi ambayo wenyeji wengi hawakuitaka ilikuwa ya wagonjwa wa akili. Akaifanya kazi hiyo zaidi ya miaka 30, nyingi kati ya hizo zamu za usiku.

Niliwahi kumuuliza kwa nini alichukua uraia wa kule, nikitegemea jibu zito kuhusu siasa au maisha bora. Akanitazama kama vile nimeuliza kwa nini mtu anakunywa maji.

"Nilichoka kujaza fomu, mwanangu. Kila mara unapeleka pasipoti, unasubiri, unaomba tena. Nikasema nichukue ule uraia, nipumzike na karatasi."

Sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ilikuwa hivyo tangu miaka ya 1960, na Sheria ya Uraia ya 1995 ikaendelea hivyo hivyo. Mtu akiupokea uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa Tanzania unakwisha. Hakuna barua inayokuja kukuarifu. Unaendelea kuota kwa Kisambaa, unaendelea kutuma hela za mahindi na za msiba, na wakati huo huo umeshakuwa mgeni.

Alistaafu mwaka 2013 akiwa na miaka 65 na kurudi. Nyumba aliikuta imekamilika, kwa hela alizotuma na usimamizi wa marehemu baba yangu. Watu wengi humwambia arudishe ile pasipoti aombe uraia wake upya, yaishe. Huwa nayaona ni maneno mepesi ya watu wasio na wajukuu Reading. Mwanawe mmoja yuko kule, ana watoto watatu. Anayerudisha pasipoti anajiweka kwenye foleni ya viza ili kwenda kumshika mkono mwanawe akiwa amelazwa, na foleni ile Baba Mkubwa anaijua vizuri.

Kwa hiyo tunajaza. Mwaka huu, 2025, tulianza mwezi wa tano. Barua ya maombi, picha za pasipoti zilizopigwa steshenari ya Korogwe, nakala za kurasa za pasipoti, uthibitisho wa kipato. Sehemu moja ilitaka anwani yake ya nje ya nchi.

"Andika sanduku la posta la hapa," akasema.

"Wanataka ya nje, Baba Mkubwa."

"Nje wapi? Mimi niko ndani."

Nikaandika ya kwa mwanawe.

Kwenye kipato ndiko nilikojifunza jambo ambalo nadhani vijana wenzangu wanaoota kwenda ughaibuni wangefaa kulijua. Pensheni ya serikali ya Uingereza hupanda kila Aprili, lakini si kwa kila mstaafu. Ukihamia nchi ambayo haimo kwenye orodha yao, kiwango chako hugandishwa. Marekani imo, Jamaica imo, Mauritius imo, Ufilipino imo. Tanzania haimo, wala Kenya. Mwaka 2013 pensheni ya msingi iliyokamilika ilikuwa pauni 110.15 kwa wiki, na hiyo ndiyo anayopokea mpaka leo. Muuguzi mwenzake aliyestaafu naye wiki moja, wakakatwa michango ile ile, akabaki kule, mwaka 2025 alikuwa anapata 176.45. Kinachomwokoa Baba Mkubwa ni pensheni ya kazini, ambayo haijali unaishi wapi. Sukari ya Mashewa nayo haikugandishwa.

Halafu kuna fomu ya uhai. Hiyo inatoka Uingereza kwa posta, na inataka shahidi asiye ndugu athibitishe kwa sahihi kwamba mstaafu bado yu hai. Isiporudi, malipo husimama. Shahidi wetu wa siku zote ni mwalimu mkuu mmoja, ambaye kila mara humshika Baba Mkubwa kiganja, akahesabu mapigo kwa kutazama saa, ndipo atie sahihi. Wanacheka wote wawili. Mimi huwa sicheki sana, maana huwa nafikiria nchi mbili zinazomdai mzee wa miaka 77 ushahidi: moja athibitishe kwamba bado anaishi, nyingine athibitishe kwa nini anaishi hapa.

Siku ya kwenda kuchukuliwa alama za vidole alivaa koti. Ofisa aliyetupokea, kijana wa makamo yangu, alimwamkia vizuri kisha akamuuliza polepole, kwa upole wa kumhudumia mgeni, kama Kiswahili anakisikia. Baba Mkubwa akajibu kwa Kisambaa, jibu refu, lenye salamu za wazazi ndani yake. Kijana akaweka kalamu chini. Kumbe kwao ni Lushoto. Wakaongea vya kutosha, wakatajiana koo na milima, na nikaanza kufikiri labda leo mambo yatakuwa tofauti. Kisha kijana akavuta kile kimashine na kusema, kwa aibu kidogo, "Naomba kidole gumba, mzee wangu." Angefanyaje? Sheria si yake.

Kwangu mimi, kibali si sehemu ngumu ya jambo hili. Unalipa, ada yenyewe inahesabiwa kwa dola, unasubiri, unapata. Sehemu ngumu ni shamba.

Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema asiye raia hagawiwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na ardhi ya kijiji ni ya wanakijiji walio raia. Shamba la babu ni ekari tatu. Baba Mkubwa ameliotesha michungwa na migomba, amelichimbia kisima, na anajua kila shimo la panya lilipo. Lakini kijiji kilipopima na kutoa hati za hakimiliki ya kimila, hati ilitoka kwa jina langu. Tulikubaliana kikao cha ukoo, bila ugomvi, na yeye mwenyewe ndiye aliyelipendekeza jina langu. Tangu hapo akitaka kukata mti huniuliza. Ananiuliza kwa mzaha, "Mheshimiwa mwenye shamba, unaruhusu?" Mwanzoni mzaha huo ulinichekesha.

Mwezi wa tatu alikuja ndugu yetu mmoja kutoka Muheza. Alitaka kununua kipande cha kona, kile kinachopakana na barabara, afungue duka la pembejeo. Tulikaa barazani watatu. Alimwamkia Baba Mkubwa shikamoo, akapokea chai, kisha akageuza kiti chake mpaka kikanielekea mimi. Bei alinitajia mimi.

"Muulize mwenye shamba," nikasema, nikimwonyesha Baba Mkubwa kwa kichwa.

"Mwenye shamba ni nani?" akajibu, wala si kwa ubaya. "Karatasi inasema wewe."

Ninalo jina kwenye hati, na nina miaka 29. Yule aliyechimba kisima alikuwa ameshika bakuli la sukari, anamtazama mgeni wake.

"Vijiko vingapi?" Baba Mkubwa akamuuliza.

Kona haikuuzwa. Lakini jioni ile alinitaka niandike wosia, na nikamwambia siwezi kurithisha mtu kitu ambacho sheria inasema hana, na yeye akaniambia hasemi wosia wake, anasema wangu. Nikifa mimi kwanza, shamba linakwenda wapi? Nikiolewa na mtu wa mbali? Nikienda nami ughaibuni, nikachoka kujaza fomu? Hilo la mwisho alilisema taratibu, na sikuwa na la kumjibu, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimeshaomba ufadhili wa kusoma nje na sijamwambia.

Mwishoni mwa 2024 ulifikishwa Bungeni muswada wa kurekebisha Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi, ili watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine wapewe hadhi maalumu. Aliisikia habari hiyo redioni, akapunguza sauti.

"Na hiyo nayo ina fomu?"

Mwenzake wa bao ni mzee tunayemwita Babu Mmakonde. Alivuka mto Ruvuma akitokea Msumbiji mwaka 1957, kijana wa miaka kumi na saba hivi, kuja kukata mkonge. Walikuja wengi wa namna yake katika mashamba ya Tanga: Wamakonde, Warundi, Wanyarwanda, na wa humu humu nchini, Waha na Wabena na Wangoni. Manamba, wakaitwa. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku thelathini, na siku ambayo hukumaliza mizigo yako haikuandikwa. Mkonge uliporomoka, kampuni zikafunga, yeye akabaki. Uhuru ulipokuja mwaka 1961, uraia wa moja kwa moja ulikwenda kwa mtu aliyezaliwa Tanganyika na mzazi wake angalau mmoja amezaliwa hapa. Wengine walitakiwa waombe. Nani angekwenda kumwambia mkata mkonge aombe?

Kwa hiyo kwenye baraza ile wanacheza bao wageni wawili. Mmoja amezaliwa hapo, mwingine amekaa hapo miaka 68. Serikali wenye hali kama ya Babu Mmakonde inawaita walowezi. Tarehe 27 Novemba 2024, siku ya uchaguzi wa serikali za mitaa, Mashewa nzima ilikwenda kupiga kura, na wao wakacheza bao tangu asubuhi bila kusumbuliwa na mtu. Tofauti ni kwamba mmoja ana pensheni ya kulipia ugeni wake.

Nilipowasomea habari za Wamakonde wa Kwale, Kenya, waliotembea kwa miguu kwenda Nairobi Oktoba 2016 kudai vitambulisho, na mwaka uliofuata wakatangazwa kabila la 43 la nchi ile, Babu Mmakonde alitaka kujua kitu kimoja tu: walikuwa na umri gani hao waliotembea.

Kibali cha Baba Mkubwa kilitoka mwezi wa saba. Nilikichapisha, nikampelekea. Babu Mmakonde akakiomba, akakishika kwa ncha za vidole, akauliza bei. Nilipomtajia alihesabu kimyakimya, nadhani kwa magunia ya mahindi, kisha akakirudisha.

"Niandikie na mimi barua," akasema. "Hata kama hawatajibu."

Nikafungua kompyuta hapo hapo. Tarehe ya kuzaliwa haijui. Jina la kijiji chao analitamka kwa namna tatu. Lakini nilipomuuliza kama ana namba yoyote ya kitambulisho, ya aina yoyote ile, alikaa wima na kunitajia namba yake ya kazi ya mwaka 1957, tarakimu moja baada ya nyingine, bila kusita.