Dada Wawili wa Ghuba ya Tunis

Asubuhi, Karthago. Treni ya TGM itokayo Tunis husimama Carthage Salammbô, Carthage Byrsa, Carthage Hannibal: mji uliobomolewa mwaka 146 KK unahesabika vituo. Nashuka Salammbô nikaione bandari ya kivita. Nakuta dimbwi la mviringo katikati ya nyumba za kifahari, kisiwa chenye majani, na mzee anavua kwa mshipi. Mwanahistoria Appian ameandika kwamba merikebu 220 zilikaa hapa. Mkataba wa 201 KK, baada ya jemadari Hannibal kushindwa na Roma, uliwaachia Wakarthago 10 tu, wakatozwa talanta 10,000 kwa miaka 50 na kukatazwa kupigana bila idhini ya Roma.

Katazo hilo ndilo lililowamaliza. Masinissa, mfalme wa Numidia, aliwahi kuipigania Karthago kule Hispania kabla ya kuhamia kwa Warumi mwaka 206 KK. Sasa akawa anamega ardhi ya Wakarthago kidogo kidogo. Wakienda Roma kushtaki, wanarudi mikono mitupu. Walipochoka wakamkabili, mwaka 150 KK, walishindwa, na juu ya hayo wakahesabiwa wamevunja mkataba.

Mchana, Utica. Kilomita thelathini na kitu kutoka Tunis, njia ya Bizerte. Hapa hapana majumba ya fahari: mashamba, magofu, mosaiki zilizotandazwa juani. Wafoinike ndio walioanzisha miji yote miwili, na kwa mapokeo huu ndio dada mkubwa. Karthago maana yake ni mji mpya.

Nilikuja nikiwa na neno wasaliti tayari kwenye daftari, kwa ajili ya watu wa Utica. Nimelifuta. Mamluki walipoiasi Karthago, Utica ilivumilia, kisha ikajiunga nao, ikajitoa hata kwa Roma, Roma ikakataa. Lakini jemadari wa Roma, Scipio, alipouzingira mji huu mwaka 204 KK, watu wake walifunga malango, wakabaki na Karthago. Mwaka 149 KK walijitoa kwa Roma tena, na safari hii wakapokewa kwa furaha, maana jeshi la Roma lilihitaji mahali pa kushukia likiiendea Karthago. Mimi naona walikuwa wanapima upepo, kama nahodha yeyote.

Wakarthago nao walitoa watoto 300 wa wakubwa wao kuwa mateka, wakasalimisha silaha. Ndipo makonsuli wa Roma wakatoa amri ya mwisho: hameni, mkajenge mbali na bahari, stadia 80, yaani kama kilomita 15. Hilo wafanyabiashara wa baharini hawakulimeza. Walipigana miaka mitatu, mpaka mji ukateketea.

Utica ikafanywa makao makuu ya jimbo la Warumi. Baadaye Warumi haohao wakaijenga upya Karthago, na heshima ile ikarudi kwa mdogo mtu.

Namuuliza mlinzi, "Bahari iko wapi?" Ananyoosha mkono kuelekea mashamba. Mto Medjerda umemwaga tope karne baada ya karne, na leo pwani iko kama kilomita 10 kutoka hapa. Adhabu ambayo adui aliikataa hadi kufa, mshirika aliletewa na mto, bila kuulizwa.

Nateremka hadi ukingo wa shamba, pale uwanda unapoanza. Dereva wangu hafungui mlango mpaka nikung'ute viatu.