Saa Nane Si "Eight O'clock"

Wengi wenu mna watoto waletao nyumbani vitabu vya Kiingereza, na jioni mwawasikia wakikariri, "Goodbye", "Good night", "What time is it?" Maneno hayo ni mafupi, na mtu aweza kuyadhani mepesi. Mimi nami naliyadhani hivyo, hata yakanitia aibu, na aibu yangu ikamwumiza mtu mwingine.

Aibu ya kwanza ilikuwa ndogo. Nalikuwa mwanafunzi, nikatumwa usiku kupeleka barua nyumbani kwa mwalimu wetu. Nikasimama mlangoni, nikasema kwa sauti kuu, "Good night, sir!" Mwalimu akacheka, akaniuliza, "Mbona wafika na kuaga kwa pamoja?" Kisha akanifundisha ya kwamba "Good night" ni neno la kuagana tu, afikaye usiku husema "Good evening". Nasi tuna desturi kama hiyo: aendaye kulala twamwambia, "Lala salama", walakini hakuna abishaye hodi kwa neno hilo.

Aibu ya pili ilikuwa mwaka 1987, nami nimekwisha kuwa mwalimu. Jirani yetu, bibi mmoja mjane, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, hata hakuweza kuzitambua sura za watu. Mwanawe wa pekee alifanya kazi melini, naye alikuwa amekuja likizo ya mwezi mmoja. Bibi alitamani jambo moja tu: aupate tena uso wa mwanawe kabla hajarudi baharini. Ikaja barua ya hospitali, imeandikwa kwa Kiingereza, nikaitwa kuisoma. Ilisema aje "on Friday, 5th June, at 8 o'clock". Nikamwambia pasipo kusita, "Ijumaa, tarehe 5 Juni, saa nane."

Siku ile tulifika saa sita mchana, nami moyoni nilijisifu kwa kuwahi saa mbili nzima. Mwuguzi akaitazama barua, akatutazama na sisi. Akasema, "Mwalimu, daktari wa macho alianza kazi saa mbili asubuhi. Amekwisha maliza na kuondoka, na hatarudi ila baada ya miezi mitatu."

Likizo ya kijana ikaisha. Asubuhi ya safari yake bibi alimshika uso kwa mikono miwili, akapitisha vidole polepole penye paji, mashavu na kidevu, ndipo akasema, "Kwa heri, mwanangu." Mimi nalisimama kando nikiangalia chini.

Kosa langu lilikuwa nini? Nalifasiri neno, sikufasiri saa. Sisi twahesabu saa tangu jua lichomozapo, na tena tangu lituapo. Waingereza huhesabu tangu usiku wa manane, na tena tangu adhuhuri. Nao wana sababu. Kwetu jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima. Lakini katika mji wa London, mwezi wa Juni, jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na mwezi wa Desemba hungoja hata saa mbili ipite. Mwenye jua la namna hiyo hawezi kulifanya mwanzo wa hesabu.

Basi hesabu zetu mbili zaachana kwa saa sita. Watazameni watoto wenu uso wa saa ya ukutani: mshale mfupi ukielekea 8, namba iliyo upande wa pili, kinyume chake kabisa, ni 2, ndiyo saa mbili yetu. "Seven" ni saa moja, "twelve" ni saa sita. "Half past eight" ni saa mbili u nusu, na "quarter to nine" ni saa tatu kasa robo. Tena tazameni herufi zifuatazo saa: a.m. ni kabla ya adhuhuri, p.m. ni baada yake.

Tarehe nazo zina mtego. Mwingereza aandikapo 5/6 ataka kusema tarehe 5 ya mwezi wa sita. Mmarekani aandikapo hivyo hivyo ataka kusema tarehe 6 ya mwezi wa tano. Yafaa kuandika jina la mwezi kwa herufi. Tena siku yao huanza usiku wa manane, hali wazee wetu huutanguliza usiku mbele ya mchana wake. Kwa hiyo mtu akiwaambia "Sunday night", mwulizeni kama ni usiku wa kuamkia Jumapili au wa kuamkia Jumatatu. Kwa Kiingereza ni huo wa pili.

Neno "Goodbye" lenyewe lilitokana na maneno ya zamani yenye maana ya "Mungu awe nanyi". Kwa kusemwa upesi miaka mingi likafupika. Nasi tusemapo "Kwa heri", twamwombea mwenzetu heri. Lakini watu wakiagana kwa kusema "See you on Monday at nine", yaani tutaonana Jumatatu saa tatu, hiyo ni ahadi pia, na ahadi isiyoeleweka saa yake ni kama haikutolewa. Tangu mwaka ule siachani na mtu kabla sijairudia saa kwa hesabu zote mbili, naye aitikie.

Daktari alirudi mwezi wa Septemba, na bibi akapata kuona. Mwanawe alirudi baada ya miaka miwili. Nalikuwapo aliposhuka motokaa. Mama yake alimtambua tangu mbali, akamwita kwa jina. Kisha akanigeukia mimi, akacheka, akaniuliza, "Mwalimu, sasa ni saa ngapi?"

Kwa herini, ndugu zangu.